Kisu cha kuwindia kinateleza mkononi? Tibu mpini wenyewe

Kisu cha kuwindia wengi wetu hukinunua kwa macho. Ubapa unang'aa, mpini umesuguliwa mpaka unawaka, na ukikikamata dukani kwa mkono mkavu unaridhika kabisa. Mkono huo huo ukishaingia tumboni mwa mnyama na kugusa shahamu, mpini unakuwa kipande cha sabuni. Mimi ni mchunaji. Kwenye uwindaji wa leseni huku Tanzania kazi yangu huanza mnyama akishaanguka, na nje ya msimu kisu kile kile hufanya kazi kwenye mbuzi na ng'ombe wa shughuli. Kwa wenzetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, haya yatawafaa kwa kisu cha machinjioni, maana tatizo ni lile lile.

Ninachoshauri ni hiki: uchonge mpini wenyewe ushike, kabla hujafikiria kuufunga tepu, kamba au mpira.

Anza kwa kumjua adui. Damu peke yake haisumbui sana. Ikianza kukauka hata hunata. Kinachoponyosha mkono ni mafuta. Shahamu ya nyati au kondoo ikiwa bado na joto la mwili ni laini, ikipoa inaganda na kujaa kwenye kila kijitundu cha mpini. Ukiosha kwa maji baridi unaisambaza tu. Kwa hiyo kwanza kabisa osha mpini kwa maji ya moto na sabuni, usugue kwa mswaki uliochakaa, ukauke, kisha uujaribu upya. Mipini mingine haina kasoro yoyote ila utando wa mafuta ya kazi zilizopita.

Angalia pia makali. Kisu butu kinakulazimisha kusukuma kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza mbele kuelekea kwenye makali. Mchunaji mzuri hutumia kisu kufungua njia tu, halafu ngozi anaitenganisha na nyama kwa kusukuma ngumi. Ukiona unakaba mpini mpaka vidole vinauma, nenda kwenye jiwe la kunolea kabla hujaenda kwa fundi.

Kama kisu ni kikali, mpini ni safi na bado unateleza, sasa chonga. Funga ubapa wote kwa kitambaa kizito na tepu, usione uvivu kwenye hatua hii. Paka mpini masizi ya sufuria, ukamate kama unavyokamata ukiwa kazini, halafu uachie. Masizi yaliyofutika yanakuonyesha vidole vyako vinakaa wapi. Chonga hapo, chini ya vidole, na sehemu ya mgongoni ambapo kidole gumba kinaegemea. Pale panapojaa kiganja paache laini, la sivyo utapata malengelenge kabla hujamaliza kuchuna.

Kifaa ni tupa ya pembe tatu, ile ambayo maseremala wanatumia kunolea misumeno. Bana kisu kwenye jiliwa, ukiweka vipande vya mbao pande zote mbili ili meno yake yasiumize mpini. Piga mistari ya mshazari, mmoja baada ya mwingine kwa nafasi ya milimita 3 hivi, kisha upige mingine ya kuikata, upate vialmasi vidogo. Kina cha milimita 1 kinatosha. Ukizidisha, mafuta yatajificha humo na mswaki hautayafikia. Usisogelee misumari inayobana mpini, kwa sababu ufa huanzia hapo. Mwishoni pitisha msasa namba 120 kwa wepesi, ukiondoa ncha kali tu bila kufuta mistari.

Mbao nazo hazilingani. Mninga unachongeka vizuri na haukusumbui. Mpingo ni mgumu mno, mzito kiasi kwamba ukiutupa kwenye maji unazama, na una mafuta yake ya asili yanayofanya gundi isiushike vizuri. Huo ni mti wa kuchongwa polepole kwa tupa kali, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, hivyo funika pua na mdomo. Pembe inachongeka pia, ila inanuka. Mpini wa plastiki ngumu ndio rahisi kuliko yote. Mara nyingi msasa mzito wa namba 80, ukisuguliwa kwa kukatisha upana wa mpini, unamaliza kazi bila tupa.

Ukimaliza, jaribu kabla ya kuamini. Rudisha kisu kwenye ala na ukifunge kisichomoke, jipake mafuta ya kupikia kiganjani, ukamate mpini na usukume ncha ya ala kwenye gogo. Mkono ukisogea mbele, rudi kwenye tupa.

Sasa nieleze kwa nini nakataa vifungio, maana najua wengi wanavipenda. Kipande cha tyubu ya baiskeli kikivutwa juu ya mpini kinashika vizuri sana, hilo silipingi. Tatizo liko chini yake. Damu na maji huingia, havitoki, na chuma cha ndani ya mpini kinaanza kula kutu usiyoiona. Kamba na ngozi ni vibaya zaidi kwa sababu zinanyonya. Tepu ya umeme inaachia gundi yake ikishakutana na mafuta, kisha inaanza kuzunguka mkononi, na hapo ni hatari kuliko mpini mtupu.

Hili la damu iliyobaki silichukulii kwa wepesi. Wanyama wa porini na wa kufugwa wana magonjwa yanayompata binadamu: kimeta, brusela, homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu Kenya na Tanzania katika mlipuko wa 2006 na 2007. Ugonjwa huingia kirahisi kupitia kidonda kibichi. Kisu kinachoteleza kinakukata, na mpini unaohifadhi damu unakuchafulia kidonda. Ndiyo maana nataka mpini unaoshika na pia unaooshika. Nyama au damu ikikutia shaka, acha kuchuna na uwaite wataalamu wa mifugo au wanyamapori.

Mahali pamoja tu nakubali uzi. Visu vingi vya bei nafuu havina kikingio kati ya mpini na makali, na bila kikingio mkono ukiteleza hakuna cha kuuzuia. Chukua uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, uuzungushe kwenye shingo ya mpini mizunguko michache mpaka upate tuta la kuzuia kidole cha shahada, kisha ulowanishe wote kwa gundi ngumu ya kuchanganya, ile ya mirija miwili. Acha usiku kucha. Gundi ikishakauka uzi haunyonyi tena, na unaoshwa pamoja na mpini.

Kitanzi cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono nakipinga wakati wa kuchuna. Kisu kikikuponyoka, kiache kianguke na uondoe mguu. Kikiwa kimefungwa mkononi kitazunguka na kurudi kwako.

Na ukikuta mpini una ufa, au unacheza ukiutikisa, usihangaike na tupa wala gundi. Mpelekee fundi auvunje na kukuwekea mpya, na umwambie mapema kabisa asiung'arishe.