Soma kibao kabla ya kushika msasa

Redio ya kwanza niliyoikarabati kwa ajili ya gari la kijeshi la maonyesho niliijeruhi kwa haraka yangu. Ilikuwa Wireless Set No. 19, ile iliyotembea na vifaru vya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Mtu aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameipaka uso mzima rangi nzito ya kijani. Nikashika msasa. Dakika chache tu, zikachungulia herufi za Kirusi kando ya za Kiingereza, na nusu yake nilikuwa nimeshazikwangua. Kumbe ilitengenezwa Kanada, ikaandikwa lugha mbili kwa sababu redio hizo zilipelekwa pia Umoja wa Kisovyeti.

Tangu siku hiyo naanza na tochi na brashi laini. Tafuta kibao cha jina la redio, namba, mihuri ya wakaguzi, hata maandishi ya kalamu ndani ya kasha. Redio nyingi za Marekani hujitaja zenyewe: kwenye AN/VRC-12, V ni ya kufungwa kwenye gari, R ni redio, C ni mawasiliano. Ukiona PRC, ile P ni ya kubebwa.

Kisha ioanishe na gari. RT-524, redio ya Marekani yenye spika usoni, ni ya miaka ya 1960. Kuifunga kwenye jeep ya 1944 ni kulisingizia gari historia isiyo yake. Umeme nao haulingani: jeep ile ilitoka na volti 6, RT-524 inataka 24.

Usiiwashe "kujaribu tu", tafadhali. Kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) za karatasi zilizozeeka huvujisha umeme, na umeme wa valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, kwenye No. 19 hufika volti 500 hivi. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuzima, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kuingiza kidole. Mita za redio zenye rangi ya kung'aa gizani huenda zina rediamu, yenye mionzi ya hatari: usifungue kioo, usikwangue.

Kwa uchafu, natumia kijiti chenye pamba, maji kidogo na sabuni laini, nikizungukia herufi moja baada ya nyingine. Uso mmoja hunichukua jioni kadhaa. Kutu ya skrubu na kitako ni kazi nyepesi. Piga picha kabla ya kufungua chochote.

Ile No. 19 sijaipaka upya. Imekaa garini na kovu lake, na wapitao huinama kusoma herufi zilizobaki.