Tazama stoo kabla ya kununua sufuria

Nimekaa miaka minne kwenye kamati ya chakula ya shule moja ya jamii huku Eastlands, Nairobi. Watu wakitaka kuanzisha chakula cha mchana shuleni, huniuliza kwanza kuhusu majiko na menyu. Mimi huwauliza stoo iko wapi.

Muhula wetu wa kwanza tulinunua magunia sita ya mahindi kwenye soko la nafaka la Nyamakima kwa bei ya kutupa, tukajiona wajanja. Wiki ya tatu mpishi akaniita, akatia mkono ndani ya gunia na kuniambia nami nitie. Ndani kulikuwa na joto, na punje zilitoka na ukungu wa kijani. Tuliyatupa yote. Aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa, hata githeri itokote kutwa. Kuwaeleza hayo wazazi waliochanga hela zao, jamani!

Siku hizi siendi sokoni bila chupa ya soda iliyokauka na chumvi kavu. Natia mahindi kiganja kimoja na chumvi kidogo, natikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji, na namwachia mwenyewe. Isiposhika, bado nayaanika, kwa sababu chupa hugundua unyevu mkubwa tu, na unyevu wa mahindi ya kuhifadhi unatakiwa usizidi asilimia 13.5. Magunia hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe. Kuni zitapungua sana. Ya zamani na mapya usiyachanganye: haya yatarojeka, yale yatabaki kokoto. Kipande cha chungwa kando ya githeri si anasa, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe. Chai huzuia, ndiyo maana yetu tuliihamishia saa nne.

Kama shule yenu ni ya msingi ya umma, ulizieni kwanza Dishi na County, mpango wa chakula cha shule wa Kaunti ya Nairobi ulioanza 2023 ambapo mtoto hulipa shilingi 5 kwa sahani. Msije mkajenga jiko bure bilashi.

Sisi tunapika wenyewe. Kila asubuhi kiranja wa darasa huandika idadi ya waliofika kwenye ubao wa jikoni, na mpishi hupima kwa idadi hiyo, si kwa makadirio. Upawa ni mmoja, wa kupakulia wote. Na mlango wa stoo una kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu, mwingine kwa mzazi. Siku tulipoziweka kuna mtu alininunia wiki nzima. Gunia lililokuwa likiisha kwa siku tatu, sasa linafika ya nne, na watoto ni wale wale.