Kituo chenye leseni cha kulaza mbwa (unakomwacha ukisafiri) kimemrudisha mbwa amekonda: lalamiko liende wapi?

Kwa England (Wales na Uskochi wana sheria zao), lipeleke kwenye kitengo cha leseni cha halmashauri ambamo kituo kipo, si ile unayoishi wewe. Andika tarehe za kumwacha na kumchukua, namba ya leseni (kituo kinatakiwa kuibandika wazi, na kuiweka kwenye tovuti kama kinayo), picha na barua ya daktari wa mifugo. Barua hiyo nenda kaichukue leo. Ukichelewa wiki mbili watasema mbwa alikonda kwako.

Afisa anaweza kwenda bila taarifa. Atakagua mabanda, joto la sehemu ya kulala (nyuzi 10 hadi 26), na kumbukumbu, ambazo kanuni za 2018 za leseni za shughuli za wanyama zinataka zitunzwe miaka 3. Hapo ndipo wengi hunaswa, maana daftari lililojazwa siku moja kwa kalamu moja linajulikana tu.

Akikuta kasoro, halmashauri inaweza kubadili masharti, kusimamisha leseni au kuifuta. Usimamishaji kwa kawaida huanza baada ya siku 7 za kazi, ila ustawi wa wanyama ukiwa hatarini ni papo hapo.

Pesa zako halmashauri haitakurudishia. Hiyo ni kesi ya madai unayofungua mwenyewe mahakamani. Kelele za mbwa nazo hushughulikiwa kwa sheria ya mazingira ya 1990, mara nyingi na kitengo kingine kabisa, kwa hiyo usizichanganye kwenye barua moja.