Mbele ya kutupa radio ya gari ya zamani, angalia kwanza masi

Batu ba huku Lubumbashi benye magari ya zamani, 504, Coccinelle, Land Rover za kutoka Zambia, banapendaka kulaumu radio. Inalia wiiii, moteri ikipanda na kelele inapanda, njo banaenda kununua ingine ku soko, na ile mpya nayo inalia paka vilevile. Mi mutu akiniletea hiyo shida siangalie radio, naangalia masi, ni kusema ile njia ya umeme kurudi ku batri kupitia bodi ya gari.

Kwanza jua ni posti gani ya batri inashikana na bodi. Ku magari mingi ni ya −, lakini gari za Waingereza za miaka ya 50 na 60, na Land Rover za wakati ule, mingi zilikuwa na + ku bodi! Radio ya leo boksi yake ni −, ikigusa ile bodi ni shoti, ukibahatika inakufa paka fizibo. Na usiamini rangi ya fili, elektrisie wa kwanza alitumiaka ile alikuwa nayo mu mfuko. Pima.

Sasa masi yenyewe. Bengi banafunga fili nyeusi ku visi ya nyuma ya radio, ku kachuma kenye rangi na kutu, na vumbi nyekundu ya huku pamoja na mvua kuanzia Novemba, ile fasi inaoza. Umeme inatafuta njia ingine ya kurudi, inapita mu ganda la fili ya antene, juu lile nalo linashikana na bodi kule antene imesimama. Njo kuna testi moja napenda sana: washa radio, chomoa antene. Ikizima papo hapo, fili yako nyeusi ni ya urembo tu.

Kwangua bodi mpaka chuma kinaangaa, tia fili nene na fupi, rondele ya meno, kaza bulo, pakaa graisi. Kisha moteri na radio zikiwaka, pima kati ya boksi ya radio na posti ya − (kama gari yako ni ya − ku bodi). Ikizidi volti 0.2 kuna fasi bado mbaya, na mara mingi ni tresi, ile fili nene ya kusuka inatoka ku moteri inaenda ku bodi, ile kila mutu anasahauka. Bengine banapeleka masi ya radio mpaka ku batri, mi sipendi: siku kabo ya batri ku bodi inalegea, umeme ya demareri itataka kupita mu kale kafili.

Bafle nazo. Zamani zilikuwa na fili moja, ingine ku bodi. Ku radio ya leo fili zote mbili zinarudi ku radio, ukitia moja ku bodi unaunguza radio hata masi ikuwe nzuri namna gani.

Na kama haiko wiiii lakini ni ta-ta-ta-ta, ile ni bujii zenye kutoa cheche, tafuta za rezistansi ndani na uangalie kondansateri ku bobine, kale ka kupunguza kelele. Mwenye 504 ya mazutu hii haimuhusu, moteri yake haitumie cheche.