Mama wa Busia Haongei Hivyo

Juzi binti mmoja wa Kasese kaniandikia: "Dada, nina riwaya, nimefika sura ya tano. Kuna warsha Kampala, watu wanasomeana kazi na kuzichambua. Niende, au nimalize kwanza?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Kidonda changu hakijakauka vizuri.

Mimi yangu niliipeleka ikiwa na sura sita. Nilipiga nakala saba Barabara ya Nasser, kurasa 32 kila moja, nikazitia kwenye bahasha kama hati ya kiwanja. Moyoni nilijua naenda kusifiwa. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda likubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, kila mtu anakizungumzia. Wa kukiandikia riwaya ni nani, kama si mimi?

Riwaya inamhusu Nafula, mwanamke wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, anayevusha sukari kwa njia za panya. Sura ya kwanza anasimamishwa na askari, naye anasema: "Ewe askari mtukufu, nakusihi uniruhusu nipite, kwani wanangu wanateseka kwa njaa." Bwana mmoja mwenye miwani akausoma mstari huo kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Chumba kizima kikaangua kicheko. Akatua kikombe chake cha chai juu ya nakala yangu, juu ya jina langu hasa, akaniuliza, akiniita bibi kwa Kiganda: "Nyabo, wewe umewahi kufika Busia?"

Mimi, mzaliwa wa Busia!

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilijitetea. Nilipewa dakika thelathini, ishirini nikazimaliza nikiwafundisha watu wazima Kiswahili sanifu ni nini. Pembeni alikaa dada mmoja aliyejaza maoni kwenye kila ukurasa wangu. Muda ukaisha hajafungua kinywa. Mdogo wangu, ukienda, funga mdomo. Andika wanachosema, hata upuuzi wao, lakini mdomo ufunge.

Kwenye teksi ya kurudi kondakta alinipa chenji pungufu, sikumwuliza. Nililia mpaka nyumbani.

Baadaye nikaenda kumsalimia mama. Jioni moja, karibu na mpaka, nikamwona mwanamke mwenye baiskeli na gunia la sukari, kasimamishwa. Hakumsihi mtu. Alisema: "Afande, mimi iko na watoto. Hii ya soda." Akaendelea kusukuma baiskeli yake.

Maneno manane. Nilikulia kwenye maneno hayo, mama yangu anayasema sokoni kila siku, na sikuyaandika popote. Mnaujua ule utani: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikafa Kenya, kikazikwa Uganda. Basi Nafula nilimvika kanzu ya Unguja ili msomaji wa Dar es Salaam asinicheke. Acha acheke.

Kwa hiyo peleka, tena peleka ingali mbichi. Ukishamaliza yote utakuwa umeipenda mno, hutakubali kugusa hata nukta. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walipokutana Makerere, mwanafunzi wa hapo hapo, Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Chinua Achebe muswada wake ausome. Mwanafunzi! Wewe ni nani hata uufungie wako sandukuni? Halafu ukirudi nyumbani, usifute chochote usiku ule. Mimi kwa hasira nilifuta sura ya tatu nzima, na hakuna aliyekuwa ameilalamikia. Mpaka leo sijaweza kuiandika tena ikawa vile. Na mdomo, nimesema, ufunge.

Nakala yenye duara la chai bado ninayo. Yule bwana alikuwa sahihi kuhusu Nafula. Kuhusu kikombe sijamsamehe. Nafula sasa yuko sura ya kumi na moja. Kwenye ile ya kwanza anasema maneno yake manane, anavuka.