Maswali ya Wasomaji: Mapanga Yanayogongana Kwenye Injini ya 737

SWALI: Niliposhuka kwenye Boeing 737-800 hapa Mombasa, injini ilikuwa imezimwa, lakini feni ilikuwa ikizungushwa polepole na upepo huku vyuma vikigongana ndani, ka-ka-ka. Ndege ile si mbovu kweli? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Si mbovu. Injini yake, CFM56-7B, ina mapanga 24 ya titani kwenye feni. Kila panga huchomekwa kwa kitako chake kwenye mfereji wa diski, na huachiwa nafasi kidogo kwa makusudi. Feni ikishika kasi, panga huvutwa nje na kubana kabisa. Ikizunguka kwa upepo tu, panga linalopita juu hulalia upande huu, likishuka huangukia ule. Ndiyo kelele uliyosikia.

Kinachomhangaisha fundi ni mtetemo angani. Kilainishi cha kwenye vitako kikiisha, mapanga hayakai sawasawa na feni hupoteza mizani. Dawa yake ni kufungua koni mbili za mbele, kutoa vibamba vya kati ya mapanga, kuchomoa panga moja moja, kusafisha kitako na kupaka kilainishi kipya. Kila panga hurudi kwenye mfereji wake ule ule. Ukiyachanganya utajitafutia kazi ya kusawazisha feni upya. Panga likiwa nje ndipo kitako hupimwa nyufa, kwa mawimbi ya sauti au mkondo wa umeme, maana jicho pekee halitoshi. Aprili 17, 2018, panga la injini ya aina hii lilikatikia kwenye kitako katika safari ya Southwest 1380 huko Marekani, na abiria mmoja akafariki. Chanzo kilikuwa uchovu wa chuma, yaani ufa unaokua kidogo kidogo kwa mzigo unaojirudia. Baadaye mwaka huo, wasimamizi wa Marekani waliagiza upimaji urudiwe kabla ya safari 1,600 kupita.

SWALI: Hii CFM ni ya Wamarekani au Wafaransa? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Ya wote, nusu kwa nusu, tangu 1974. General Electric ya Marekani hutengeneza kiini: kompresa (kibana hewa) ya shinikizo kubwa, chumba cha kuchomea na turbini (gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto) inayofuatia. Snecma ya Ufaransa, ambayo sasa ni Safran, hutengeneza feni, kompresa ndogo na turbini ya nyuma. Ubia ulikaribia kukwama, kwa kuwa kiini kilitokana na injini ya ndege ya kivita B-1 na Washington haikutaka siri zitoke. Marais Nixon wa Marekani na Pompidou wa Ufaransa waliumaliza mvutano huo walipokutana Reykjavik, Iceland, mwaka 1973.

Mrithi wa CFM56, injini ya LEAP, anatoka kwa wabia hao hao. Boeing 737 MAX 9 ya Air Tanzania inatumia LEAP-1B, yenye mapanga 18 ya nyuzi za kaboni.

SWALI: Mbona mdomo wa injini ya 737 ni bapa chini? (Msomaji, Kigali)

JIBU: Miguu ya ndege hiyo ni mifupi. Ili feni pana ipate nafasi, giaboksi na vifaa vyake vilihamishiwa ubavuni na ganda likabanwa chini. Feni yenyewe ni duara kamili.