Kumimina maharage ndo kazi yenyewe
Dada unayelalamika mtoto yuko shule ya Montessori, zile za watoto kujifunza kwa kushika vitu kwa mikono, na kila siku akirudi anasema leo nimemimina maharage tu wakati ada umelipa, hiyo ndo kazi yenyewe, akitoa jagi hili kwenda lile bila kumwaga mkono unatulia, kesho penseli haimsumbui. Hata ule mnara wa pinki, miche ya mbao anayoipanga juu kwa juu, una vipande 10, kikubwa sentimita 10 kidogo sentimita 1, akikosea anajiona mwenyewe, ticha hafoki. Mama Maria Montessori, mwanzilishi wa mfumo huu, alianza hivyo Roma 1907 na watoto wa mtaa wa maskini. Ila hilo jina shule yoyote inaweza kulibandika getini, kachungulie darasa siku moja, ukikuta wote wamepangwa mistari wanaimba a e i o u basi umeuziwa bango 😅